Kaske ya simetriki: waya nne, ampli mbili kwa kila sikio, na faida yake ya kweli

Mstari mkubwa wa umeme unaotoka kwenye bwawa la Inga, huko Kongo-Kati, unaishia Kolwezi. Urefu wake ni kilometa karibu 1,700. Ulianza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati jimbo lilikuwa bado linaitwa Shaba, njo maana hadi leo watu wa umeme wanauita Inga-Shaba. Mstari ule iko na poli mbili. Poli moja inabeba volti 500,000 juu ya udongo, poli ingine inabeba volti 500,000 chini ya udongo. Hakuna poli yenye kupita 500,000 ukipima kutoka kwa udongo, lakini ukipima kati ya hizo mbili unapata volti milioni moja. Moja inasukuma, ingine inavuta, na udongo wenyewe karibu haupitishi kitu wakati zote mbili ziko sawasawa.

Mtu ambaye ameelewa aya hiyo tayari ameelewa nusu ya habari hii. Ampli ya kaske ya simetriki inatumia wazo lile lile, ila kwa volti mbili ao nne, na umeme wake unageuka upande mara elfu nyingi kwa sekunde kufuata sauti ya mtangazaji.

Siku hizi maneno "simetriki" ao "balansi" yanaandikwa kwenye vyombo vingi: tundu la milimeta 4.4 kwenye kichezeo kidogo cha muziki, fishi ya kanoni yenye pini nne kwenye ampli ya mezani, kable za kaske zenye kusukwa kama nywele za harusi. Wauzaji wanasema sauti inakuwa safi, makelele yanaisha, kila chombo kinasikika mahali pake. Redio ndogo ya mtaa, yenye kununua mafuta ya grupe kwa michango, haina dola za kupoteza. Kwa hiyo inafaa kujua ni nini kweli kinabadilika, na ni nini hakibadiliki hata kidogo.

Kaske ya kawaida: waya tatu

Ndani ya kila sikio la kaske kuko koili ya waya mwembamba sana, mara nyingi ya shaba, imewekwa karibu na sumaku na kushikamana na ngozi nyembamba ya plastiki. Umeme ukipita, koili inasogea. Ukigeuka upande, koili inarudi. Ile ngozi inasukuma hewa na sikio linasikia. Koili haijui udongo ni nini, haijui masi ni nini. Yenyewe inahitaji tofauti ya volti kati ya ncha zake mbili, basi.

Masikio mawili, kila moja na ncha mbili: hesabu inatoa waya nne. Lakini jaki ya kawaida iko na sehemu tatu tu. Ncha ya mbele ni ya kushoto, pete ya katikati ni ya kuume, na shina la nyuma ni la wote wawili, ndiyo njia ya kurudia. Jaki kubwa ya milimeta 6.35 ni mzee sana: ilitoka kwenye meza za wapokeaji wa simu za karne ya 19, wale waliokuwa wanaunganisha watu kwa mkono. Jaki ndogo ya 3.5 ni mtoto wake.

Njia moja ya kurudia kwa watu wawili inaleta jambo ambalo kila dereva wa Kolwezi analijua. Fikiria machimbo mawili, kila moja iko na barabara yake ya kwenda, lakini magari yote yanarudi kwa barabara moja tu. Siku chimbo la kwanza linatoa magari mengi, magari ya chimbo la pili yanakwama, hata kama lenyewe halikubadilisha kitu. Ndani ya kable ni vile vile. Waya ya kurudia haiko kamili, iko na ukinzani kidogo. Umeme wa sikio la kushoto ukipita pale unainua volti kidogo, na sikio la kuume linaisikia.

Kidogo kiasi gani? Tuchukue kaske ya omu 32 na njia ya kurudia yenye nusu omu, ukihesabu kable pamoja na mgusano wa jaki. Sikio la pili litapata karibu sehemu moja kwa 64 ya sauti ya sikio la kwanza, ni kusema desibeli 36 chini. Ukichukua kaske ya omu 300 na njia ile ile, inakuwa sehemu moja kwa 600, desibeli zaidi ya 55 chini. Inaonekana hapa kwamba ukinzani wa kaske ndio unaamua kama kuna shida ao hapana.

Na desibeli 36 chini si msiba. Bafle mbili za studio, zikiwa mbele ya fundi, zinachanganya kushoto na kuume zaidi ya hapo, sababu sikio la kuume linasikia bafle ya kushoto pia. Mwenye kutengeneza muziki wa kwaya na kutaka kujua kama soprano iko kabisa upande mmoja anaweza kuiona tofauti. Mwenye kusoma habari za saa moja asubuhi kwenye redio inayotangaza mono hataiona hata akitafuta siku nzima.

Mambo mawili yenye kuitwa kwa jina moja

Hapa wauzaji wanachanganya watu, pengine bila kujua. Neno "simetriki" kwa kaske linabeba mambo mawili tofauti.

La kwanza ni kutenga njia za kurudia: kila sikio linapata waya zake mbili, jumla nne, kutoka koili hadi ndani ya ampli. Hilo peke yake linamaliza ule mchanganyiko wa barabara moja. Halihitaji ampli ya ajabu. Linahitaji kable yenye waya nne na fishi yenye nafasi nne.

La pili ni kile mafundi wanaita daraja. Badala ya ampli moja kusukuma ncha moja ya koili huku ncha ingine imelala kwenye masi, kunawekwa ampli mbili. Ya kwanza inatoa sauti kama ilivyo, ya pili inatoa sauti ile ile iliyopinduliwa. Wakati ya kwanza iko kwenye volti 2 juu, ya pili iko kwenye volti 2 chini, na koili inaona 4. Ni Inga-Shaba ndani ya sanduku dogo. Kwa masikio mawili zinahitajika ampli nne, na masi haibebi tena umeme wa sauti.

Mfano wa daraja uko ndani ya kila teksi ya Kolwezi. Redio ya gari inapata volti karibu 14 wakati moteri inazunguka. Ampli moja ya kawaida, kwa volti hizo na bafle ya omu 4, haiwezi kupita wati 6 na kitu. Lakini redio za gari zinatoa wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila bafle (zile "4 x 50" zenye kuandikwa kwenye uso wa redio ni maneno ya soko), na hazina mashine ya kupandisha volti. Siri ni daraja: kila bafle iko na ampli mbili zenye kupingana. Kwa nadharia daraja linapandisha kipimo hadi karibu wati 26. Njo maana fundi wa magari anamwambia mwanafunzi wake siku ya kwanza asigusishe waya ya kutoa ya bafle kwenye bodi ya gari. Waya ile haiko masi. Iko mgongoni mwa ampli ya pili, na ukiigusisha na chuma ya gari unaiunguza. Onyo hilo litarudi mbele, kwa kaske.

Daraja linatoa nini? Volti mara mbili ni desibeli 6 zaidi. Nguvu ni mara nne, kama ampli iko na uwezo wa kutoa umeme wa kutosha. Chombo chenye kutoa volti 2 kinapa kaske ya omu 300 miliwati 13. Kikitoa 4 kinaipa 53. Kwa kaske nzito kama Sennheiser HD 600 na HD 650, zenye omu 300, ama Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250, hiyo ni faida ya kweli, zaidi sana wakati chombo ni kidogo na kinatumia batri. Batri ya simu iko na volti karibu 3.7. Kutoka pale kupata volti nyingi ni kazi, na daraja ni njia rahisi. Redio yenye kufanya kazi kwa paneli za jua na batri, wakati wa delestaje, iko katika hali ile ile.

Lakini kila ampli ndani ya daraja inaona nusu tu ya ukinzani wa kaske. Kaske ya omu 32 inakuwa kama 16 kwa kila upande, na ukinzani wa ndani wa ampli unajumlika mara mbili. Kwa kaske nyepesi, ampli ndogo inaishiwa umeme mbele ya kuishiwa volti. Hapo mara nne ya nguvu inabaki kwenye karatasi. Na desibeli 6 si "sauti mara mbili" kwa sikio la mtu. Sikio linahitaji karibu desibeli 10 ili liseme sauti imeongezeka mara mbili.

Kuko faida zingine ndogo. Ampli mbili zenye kufanana zinaharibu sauti kwa namna moja, na sehemu ya uharibifu huo, ile yenye kutokea sawa pande zote mbili, inafutika kwenye koili. Mnong'ono wa ampli zenyewe unapanda desibeli 3 wakati sauti inapanda 6, kwa hiyo nafasi kati ya sauti na mnong'ono inaongezeka 3. Ni vizuri. Ila ampli ya kawaida yenye kutengenezwa vizuri tayari inanyamaza kupita chumba chochote cha Kolwezi ambamo grupe ya jirani inalia.

Makelele: hapa simetriki inaokoa, lakini si kwenye kaske

Neno "simetriki" lilipata heshima yake mahali pengine, kwenye waya ndefu zenye kubeba sauti dhaifu. Simu za kwanza zilitumia waya moja na kurudisha umeme kupitia udongo. Ilikuwa bei rahisi. Halafu tramu za umeme zikaanza kupita barabarani, umeme wao nao ukarudi kupitia udongo huo huo, na watu wakaanza kusikia tramu ndani ya simu. Alexander Graham Bell alikuwa amekwisha kupata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1881 juu ya waya mbili zenye kusokotwa pamoja. Dawa ilikuwa ile: kuacha udongo, na kutumia waya mbili zenye kufanana.

Namna inavyofanya kazi inaweza kuhesabiwa kwa vidole. Sauti ya mikro inawekwa kwenye waya mbili, moja inabeba 1, ingine inabeba kinyume chake, 1 chini ya sifuri. Njiani kable inapita karibu na waya ya umeme wa SNEL, wenye kutetema mara 50 kwa sekunde, na makelele ya nusu yanaingia. Kwa sababu waya zimesokotwa, makelele yanaingia sawa kwa zote mbili: ya kwanza inakuwa moja na nusu, ya pili inakuwa nusu chini ya sifuri. Mixa inapokea na kutoa ya pili kutoka kwa ya kwanza. Jibu ni 2. Sauti imebaki nzima, makelele yamekufa. Kama pande hizo mbili hazifanani kabisa, tuseme tofauti ni sehemu moja kwa mia, makelele yanabaki desibeli 40 chini badala ya kufutika kabisa. Hiyo bado ni kazi kubwa.

Kwa mikro ni lazima. Mikro kama Shure SM58, yenye kuonekana kwenye meza za redio nyingi, inatoa karibu volti 0.00185 kwa sauti ya nguvu karibu ya kinywa. Mixa inapandisha hiyo mara mia nyingi, na chochote kilichoingia njiani kinapandishwa pamoja. Njo maana kable ya mikro iko na fishi ya kanoni yenye pini tatu: pini ya 1 ni masi, ya 2 na ya 3 ni zile waya mbili zenye kupingana.

Kaske ni habari ingine. Umeme wa kaske ni volti nzima, mara mia na zaidi ya ule wa mikro. Ampli inaishika waya kwa nguvu, na ukinzani wake ni omu chache. Na nyuma ya kaske hakuna mashine ingine ya kupandisha: makelele madogo yenye kuingia kwenye kable yanabaki madogo, hakuna sikio la kuyasikia. Zaidi ya hayo, koili yenyewe, kama ilivyosemwa, haijui masi. Kwa hiyo ule mngurumo wenye kusikika ndani ya kaske ya studio hautoki kwenye kable ya kaske. Umeingia mbele: kwenye mikro, kwenye mixa, kwenye kompyuta yenye chaja ya bei ya chini, ao kwenye mzunguko wa masi kati ya vyombo viwili vyenye kuchomekwa kwenye prizi mbili tofauti. Kununua kaske ya simetriki ili kuufukuza ni kubadilisha tairi kwa gari lenye moteri mbovu.

Jambo hili liko na uzito hapa kuliko kwingine. Mwandishi wa redio anakwenda kwenye mtaa wenye kuzungukwa na machimbo, anaongea na mama ambaye nyumba yake imepasuka kuta, ao na wachimbaji wa mikono wenye kutoka shimoni. Mazungumzo hayo yanafanyika mara moja. Akirudi studio na kukuta kable ya mikro ilikuwa na waya moja imekatika, na chini ya kila neno kuko mngurumo, hatakwenda tena kumwambia yule mama arudilie machozi yake. Kable ya simetriki yenye upande mmoja uliokatika inaweza kuendelea kutoa sauti, njo hatari yake: haikufi kila mara, ila inapoteza kinga yake na kukusanya makelele yote ya barabarani. Kaske inasaidia pale kwa kazi moja, kusikiliza papo hapo, mbele ya kuaga. Kaske yoyote yenye kufunga masikio vizuri inatosha.

Makelele yanabadilika pia na majira. Studio nyingi zinazika chuma udongoni ili kupata masi nzuri. Wakati wa mvua udongo uko na maji na masi inashika. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, udongo mwekundu unakauka, ukinzani wake unapanda, na mngurumo ambao haukuwepo mwezi wa pili unarudi mwezi wa nane. Ndoo chache za maji kwenye ile chuma zimekwisha kuponya studio kuliko ampli nyingi. Redio yenye emeteri yake ya FM kwenye uwanja ule ule wa studio iko na adui wa pili, mawimbi yake yenyewe, na hapo kable za simetriki zenye kufungwa vizuri kwa ngao ndizo kinga ya kwanza.

Mafundi wa magari makubwa ya machimbo wanalijua jambo hili kwa jina lingine. Waya mbili zenye kusokotwa ambazo zinabeba habari kati ya moteri na kompyuta ya gari ni simetriki. Kable ya intaneti yenye jozi nne ndani ni simetriki. Hakuna hata mmoja wao anayeiuza kwa kusema sauti inakuwa tamu.

Shaba iliyotoka, kable iliyorudi

Kolwezi na maeneo yake, kutoka Kamoto hadi Fungurume, yanatoa bamba za shaba zenye usafi wa asilimia 99.99. Zinapakiwa kwenye malori na kwenda Kasumbalesa, halafu mbali. Kinachorudi sokoni kwa sura ya kable si shaba kila mara. Kuko kable za alumini zilizopakwa shaba juu tu, na zingine za chuma zilizopakwa vile vile. Kwa macho ni nyekundu, zinang'aa.

Hesabu yake si ngumu. Waya ya shaba ya meta 3, yenye unene wa milimeta mraba 0.1, iko na ukinzani wa karibu nusu omu, ile nusu omu ya mfano wa kwanza. Alumini ya unene ule ule inapanda hadi karibu 0.8. Chuma ni mbaya zaidi, mara nyingi zaidi. Alumini yenyewe haina kosa; mistari mikubwa ya umeme inaitumia kwa sababu ni nyepesi. Kosa ni kuiuza kwa jina la shaba, na kuitumia kwa waya nyembamba yenye kukunjwa kila siku, sababu inakatika haraka na kulehemu hakushiki.

Kuijua ni kazi ya dakika moja. Kwangua kwa kisu: ndani ikionekana nyeupe, si shaba. Weka sumaku: ikivuta, ni chuma. Pinda na kunyoosha mara nyingi: shaba inavumilia. Redio yenye kutengeneza kable zake yenyewe, kwa waya iliyochunguzwa hivi, iko mbele ya ile yenye kununua kable ya kusukwa yenye jina kubwa. Na mwenye kutaka kupunguza ule mchanganyiko wa kushoto na kuume bila kununua ampli mpya anaweza kuanza hapo: kable fupi, waya nene ya kurudia, jaki yenye kusafishwa.

Masikio

Desibeli 6 za daraja ni faida kwa kaske nzito, na ni hatari kwa mtu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5 kwa juma zima. Kwa hiyo mtu aliyehamia kwenye tundu la simetriki na kuacha kifundo cha sauti pale pale kilipokuwa amekata muda wake hadi robo bila kujua.

Watu wengi wa Lualaba wametumia sehemu kubwa ya muda huo mbele ya kufika nyumbani. Anayeendesha tingatinga, anayesimama karibu na mashine ya kusaga mawe, anayelala karibu na grupe, masikio yake yamekwisha kulipa. Kwa mtu kama huyo kaske yenye kufunga makelele ya nje inafaa kuliko ampli yenye nguvu, kwa sababu anaweza kusikiliza chini. Mlio wenye kubaki sikioni kisha kuvua kaske ni alama ya kwamba kipimo kimepita.

Mbele ya kutoa dola

Kaske za simetriki zilianza kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kampuni ya HeadRoom ya Marekani ilitengeneza ampli zake. Baadaye kila mtengenezaji alikuja na fishi yake. Kuko kanoni ya pini nne kwa vyombo vya mezani, kuko jaki nyembamba ya 2.5 iliyoenezwa na Astell&Kern ya Korea Kusini, na kuko ile ya 4.4 yenye kutoka Japani, ambayo Sony ilianza kuitumia 2016 na ambayo leo ndiyo inashinda. Ile ya 2.5 inavunjika kirahisi, na kwa kazi ya redio haifai.

Si kila kaske inaweza kugeuzwa. HD 600 na HD 650 ziko na kable yenye kuchomoka, fishi ndogo yenye pini mbili kwa kila sikio, kwa hiyo kubadilisha kable kunatosha. DT 770 Pro na Sony MDR-7506 ziko na kable yenye kufungwa ndani. Kuzigeuza ni kuzifungua, kulehemu upya na kupoteza garanti. Kwa MDR-7506, yenye omu 63, hakuna sababu ya kufanya hivyo. Mixa yoyote inaipiga vizuri.

Onyo la redio ya gari linarudi hapa. Kaske ya simetriki inaweza kuchomekwa kwenye ampli ya kawaida kwa adapta, hakuna kitu kitaharibika: waya mbili za kurudia zinakutana kwenye masi, basi. Kinyume chake hakikubaliki. Adapta yenye kupeleka tundu la 4.4 ama kanoni ya pini nne kwenye jaki ya kawaida ya waya tatu inaunganisha migongo ya ampli mbili ambazo kila moja inasukuma volti yake. Ampli zinapigana zenyewe kwa zenyewe, zinapata moto, na zile zisizo na kinga zinakufa. Adapta hizo zinauzwa bei ndogo, na hakuna kitu kimeandikwa juu yake.

Kwa redio ya mtaa mpangilio wa matumizi ni huu: kwanza kable za mikro na masi ya studio, halafu kaske yenye kufunga masikio, halafu, kama kaske ya omu 250 ao 300 imepatikana kwa zawadi na sauti yake haipandi, ampli. Simetriki ama kawaida, yenye nguvu ya kutosha. Mtu binafsi mwenye kupenda muziki, na mwenye kaske nzito pamoja na kichezeo cha batri, yeye atafaidika na lile tundu la 4.4, na hana haja ya kuona haya.

Kama haijulikani kaske iko ya waya tatu ao nne, multimetri inajibu. Iwekwe kwenye alama ya mlio. Ncha moja ya multimetri iguse waya ya kurudia ya kushoto, ingine iguse waya ya kurudia ya kuume. Ikilia, kaske hiyo iko na njia moja kwa wote wawili, na haipaswi kukaribia tundu la simetriki.